Mjapani Hasemi "Nakupenda" Hovyo: Historia ya Neno Zito, Kutoka Tokyo Mpaka Sapiwi

Ingia TikTok saa hizi, tafuta neno "aishiteru". Utaporomosha video mpaka bando likate. Mtoto wa mjini anaweza asijue hata salamu moja ya Kijapani, lakini "aishiteru" analijua, kalitoa kwenye anime. Analiandika status, anamtumia mpenzi wake usiku, wapo waliolichora mpaka tattoo. Maana yake: nakupenda.

Sasa kuna kitu anime haikuambii vizuri. Mjapani mwenyewe anaweza kuoa, akazaa, akazeeka na mke wake, na neno hilo asilitamke hata mara moja. Na mke wake asihesabu kama ni kosa.

Kabla hujamcheka, rudi nyumbani kidogo. Sapiwi ni kata ya Wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu, Usukumani kabisa, kwenye mashamba ya pamba na mazizi ya ng'ombe. Kisukuma kina neno lake safi la nakupenda: "nakutogilwe". Lakini muulize babu yeyote wa huko mara ya mwisho kumwambia bibi hivyo ilikuwa lini. Atacheka, atabadilisha mada, atakuuliza mvua huko mjini zinaendaje.

Huyo babu na yule mzee wa Kijapani hawajawahi kukutana, lakini wangeelewana fasta.

NGAZI TATU ZA KIJAPANI

Kijapani kina ngazi. Ya chini, ambayo ndiyo inatumika kila siku, ni "suki". Hili neno halina makuu. Unalitumia kwa mtu, kwa paka, kwa wali, kwa mpira. Ukimwambia binti "suki desu", umemwambia unampenda, lakini kwa neno lilelile unaloweza kusemea samaki wa kukaanga.

Juu yake kuna "daisuki", yaani suki kubwa, kupenda sana. Hili watoto wanawaambia mama zao, wapenzi wanaambiana, mashabiki wanawaambia wasanii.

Juu kabisa ndipo liko "aishiteru". Hili ni zito. Linafaa kwenye nyimbo, kwenye tamthilia, kitandani kwa mgonjwa, siku ya kuagana. Ukimtupia mtu uliyemjua wiki mbili, unaweza kumtisha badala ya kumfurahisha.

Halafu kuna maneno mawili ya mapenzi yenyewe: "koi" na "ai". Koi ni ile hali ya kumtamani mtu, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi. Ai ni pana zaidi: ya mzazi kwa mtoto, ya watu waliokaa pamoja muda mrefu. Anayejua Kiswahili haumizwi kichwa na hili, maana na sisi tuna "mapenzi" na tuna "upendo". Hakuna anayesema ana mapenzi na jirani yake akimaanisha tu kwamba anamsaidia kuchota maji. Ukisema hivyo mtaani, kesho umeharibu ndoa ya watu.

Na ile suki ya samaki wa kukaanga? Hata hiyo ipo kwetu. Napenda ugali, napenda Simba, nakupenda wewe. Kitenzi ni kilekile. Uzito anauongeza msemaji kwa sauti, kwa macho, na kwa mambo aliyoyafanya kabla ya kufungua mdomo.

NENO LILIKUJA NA MELI

Usidhani aishiteru ni neno la enzi za samurai. Zamani "ai" halikuwa neno la sifa sana. Kwenye mafundisho ya Kibudha, herufi hiyo ilihusishwa na tamaa, ile hali ya kung'ang'ania vitu na watu mpaka inakutesa. Mtu mwenye busara alitakiwa aikimbie.

Ndiyo maana wamisionari Wakatoliki walipofika Japani, kuanzia mwaka 1549, walipata tabu. Walitaka kufundisha kwamba Mungu anawapenda watu, lakini neno la kutumia lilikuwa wapi? Wakachukua neno "taisetsu", ambalo maana yake ni kitu cha thamani, kitu cha kutunzwa. Kwa hiyo Mjapani wa wakati ule alielezwa kwamba yeye ni wa thamani mbele za Mungu, ni mtu wa kutunzwa. Ukifikiria vizuri, hiyo tafsiri haikuwa mbaya hata kidogo.

Mabadiliko makubwa yalikuja enzi ya Meiji, kuanzia 1868 mpaka 1912. Japani ilifungua milango, vitabu vya Uingereza, Urusi na Marekani vikamiminika, na ndani yake watu wanaambiana "I love you" kila ukurasa. Watafsiri wakakwama. Hapo ndipo neno "ren'ai" lilipopata umaarufu, miaka ya kuelekea 1890: yaani mapenzi ya watu wawili waliochaguana wenyewe, moyo kwa moyo. Vijana wasomi walilipokea kama vijana wa leo wanavyopokea trendi mpya. Wazee wakalitazama kwa jicho la pembeni.

Kuna kisa maarufu sana hapa, na huenda umekiona kikizunguka mtandaoni. Kinasema mwandishi Natsume Soseki, aliyewahi kuwa mwalimu wa Kiingereza, alimkuta mwanafunzi ametafsiri "I love you" moja kwa moja. Soseki akamwambia Mjapani haongei hivyo, aandike tu "mwezi unapendeza, eti eh?", mwenye kuelewa ataelewa. Kisa kitamu, ila hakuna andiko lolote la Soseki lenye maneno hayo. Alikufa mwaka 1916, na hadithi yenyewe ilianza kuandikwa miongo mingi baadaye.

Kisa kingine kinamhusu Futabatei Shimei. Mwaka 1896 alitafsiri hadithi ya Mrusi Turgenev. Pale ambapo binti anamjibu mpenzi wake, Futabatei aliandika maneno yenye maana ya "hata nikifa sawa tu". Watu husema alikuwa anatafsiri "nakupenda". Kumbe kwenye Kirusi binti alisema neno moja tu: "wako". Futabatei aliona "wako" kwa Kijapani halitabeba mzigo, akalitafutia lori kubwa zaidi.

Na huo wa mwezi, uwe wa kweli au wa kutungwa, Wajapani wenyewe wameupenda kiasi kwamba leo ukimwambia mtu "tsuki ga kirei desu ne" usiku, anaweza kuelewa unamaanisha nini hata kama kuna mawingu.

MAPENZI YA KUZUNGUKA

Kwa hiyo kabla ya meli kuleta "I love you", Wajapani walikuwa hawapendani? Hapana. Walizunguka.

Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, watu wa ikulu ya Kyoto walitongozana kwa mashairi mafupi. Barua inakunjwa, inafungwa kwenye tawi la mti, inapelekwa na mtumishi. Mwanamke anasoma shairi, lakini anaangalia pia karatasi imechaguliwaje, mwandiko ukoje, tawi ni la maua gani. Na mwanaume aliyelala kwa mwanamke alitakiwa atume barua asubuhi ileile. Ikichelewa, ujumbe umeshafika: hana mpango na wewe. Miaka elfu kabla ya tiki mbili za bluu, watu walishakosa raha kwa kusubiri majibu.

Kwenye kuoana kulikuwa na mtu wa kati, anaitwa "nakodo". Anabeba sifa za upande huu kupeleka upande ule, anapima kama familia zinaendana, anapunguza aibu pale mmoja anapokataa. Kwa Kiswahili huyu ana jina linalojulikana mpaka kijijini: mshenga. Kazi ni ileile, tofauti ni kwamba mshenga wa Usukumani mwisho wa siku ataongelea na idadi ya ng'ombe.

Ndani ya nyumba mambo yanafanana mpaka unashangaa. Mume na mke wa Kijapani wakishapata mtoto, wengi wanaanza kuitana "okasan" na "otosan", yaani mama na baba. Nenda Sapiwi, nenda Bariadi mjini, nenda popote Tanzania: Mama Kulwa, Baba Kulwa. Mzungu akisikia anadhani mapenzi yamekwisha. Lakini mwanaume anayesema "Mama Kulwa, umekula?" ameshasema mengi. Amemtaja kwa kile walichokitengeneza pamoja, halafu ameulizia tumbo lake.

KANGA ILIYOTOKA OSAKA

Hapa ndipo historia hizi mbili zinapogusana kabisa.

Kila mtu anajua kanga inaongea. Ilianza Pwani mwishoni mwa karne ya 19, kutokana na leso zilizoshonwa pamoja, na baadaye ikawekewa maneno: mwanzoni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi hizi za kawaida. Mwanamke asiyeweza kumwambia mume wake kitu mdomoni anajifunga kanga. Mume anayetaka kuomba msamaha ananunua doti, anahakikisha amesoma maneno vizuri kabla ya kulipa, maana akikosea jina ndio ugomvi wa pili.

Sasa kanga nyingi za zamani hazikuchapwa huku. Zilitoka Uholanzi, Uingereza, India, na Japani. Miaka ya 1930 nguo za Kijapani zilifurika Afrika Mashariki kwa bei ya chini. Waingereza walikereka lakini walibanwa na mikataba ya kimataifa ya Bonde la Kongo, iliyotaka mizigo ya nchi zote itozwe ushuru sawa kwenye eneo hili. Baada ya Vita Kuu ya Pili Japani ilirudi tena sokoni. Kampuni ya Nishizawa ya Osaka ilitengeneza kanga kwa ajili ya duka maarufu la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lile ambalo kanga zake zina alama ya "Mali ya Abdulla". Maneno na michoro vilitoka kwa wafanyabiashara wa huku, vikavuka bahari, vikarudi vikiwa kitambaa.

Yaani kuna wakati fundi wa Kijapani, ambaye pengine mke wake hajawahi kusikia "aishiteru" kutoka kwake, alikuwa kiwandani anachapa maneno ya mapenzi ya Kiswahili, ili mwanaume wa Kiafrika asiyependa kusema "nakupenda" ayanunue na kuyapeleka nyumbani kimyakimya. Baadaye Tanzania ikajenga viwanda vyake, kama Urafiki uliofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 na Mwatex kule Mwanza. Pamba ipo, na Simiyu mpaka leo ni kati ya mikoa inayoongoza kwa kuilima. Maneno yakaendelea kutembea juu ya kitambaa.

CHAGULAGA: PALE NENO LINAPOSEMWA KWA KELELE

Ila tusipambe sana. Sio kila kitu cha zamani kilikuwa mwezi na kanga.

Usukumani kuna desturi inaitwa chagulaga. Vijana wa kiume wanamzunguka binti, njiani au wanapotoka mnadani au kwenye ngoma, na kumwambia "chagulaga", yaani chagua. Achague mmoja wao. Wanaoitetea wanasema ilimpa binti heshima: yeye ndiye mwenye kauli, wanaume ndio wamejipanga kama bidhaa. Wanaoipinga, na ni wengi siku hizi hasa watetezi wa haki za wasichana, wanauliza swali dogo tu: na kama hamtaki hata mmoja?

Swali hilo ndilo lenye uzito kwenye mada hii yote. Binti amesimama peke yake, vijana sita wamemzunguka, jua linazama. Neno aliloambiwa ni zuri kabisa kwenye kamusi: chagua. Lakini kama "hapana" haimo kwenye orodha, hajachagua, amechaguliwa.

Sasa linganisha na desturi ya vijana wa Japani wa leo, inaitwa "kokuhaku", kufunguka. Mtu akimpenda mwenzake, anamwita pembeni, anainamisha kichwa, anasema: "Suki desu. Tsukiatte kudasai." Nakupenda, naomba tuwe pamoja. Halafu ananyamaza. Anasubiri. Kwa wengi uhusiano hauhesabiki kuwa umeanza mpaka jibu litoke. Akiambiwa "gomen nasai", samahani, ameshajibiwa. Inauma, ila imeisha.

Angalia alilotumia: suki, neno la chini kabisa, la kusemea hata samaki. Hakuhitaji aishiteru. Alihitaji kuuliza na kukaa kimya.

NENO LILIPOPATA SHERIA

Wajapani wenyewe hawakufika hapo kirahisi. Lile neno ren'ai, mapenzi ya kuchaguana, lilikaa kwenye magazeti na vitabu miaka mingi huku mabinti wakiendelea kuozwa kwa mipango ya familia. Sheria ya zamani ilimpa mkuu wa kaya sauti juu ya nani aoe na nani aolewe. Unaweza kusoma riwaya ya mapenzi usiku kucha, asubuhi baba ameshakubali posa.

Ndipo ikaja Katiba iliyoanza kutumika tarehe 3 Mei 1947. Kifungu cha 24 kinasema ndoa itatokana na ridhaa ya hao wawili tu. Hata hapo watu hawakubadilika siku moja. Ilichukua mpaka miaka ya mwisho ya 1960 ndoa za kuchaguana kuzizidi zile za kutafutiwa.

Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Ndoa mwaka 1971, na kifungu cha 16 kinataka ridhaa ya hiari ya wote wawili. Lakini sheria hiyohiyo iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, huku mvulana akisubiri 18. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba hilo linakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Binti wa miaka 15 anaweza kuambiwa nakupenda kwa lugha zote za dunia, Kijapani kikiwemo. Swali linabaki kama ana nafasi ya kujibu hapana na kesho akaenda shule.

WANAUME KWENYE SHAMBA LA KABICHI

Kwa hiyo ni bora kukaa kimya kama babu? Wajapani wenyewe wamegundua hapana, sio mara zote. Wapo wake waliochoka kuangaliwa mwezi.

Kuna kijiji kinaitwa Tsumagoi, mkoani Gunma, kinachojulikana kwa kulima kabichi. Jina lake linabeba maana ya kumkumbuka mke kwa mapenzi. Huko kuna tukio ambapo wanaume wanapanda jukwaa katikati ya shamba la kabichi na kupiga kelele kwa nguvu zote, mke akiwa amesimama palepale, wakimwambia wanampenda na wanamshukuru. Wanaume wazima, wengine na mvi, sauti inakwama, machozi yanatoka. Wake wanacheka, wengine wanalia nao.

Wanawake wale walijua kitambo kwamba wanapendwa. Walishalishwa, wametunzwa, wameitwa okasan maelfu ya mara. Bado kulisikia kwa masikio kulikuwa na ladha yake.

Fikiria hiyo kitu Sapiwi, katikati ya pamba iliyopasuka, mzee wa ng'ombe arobaini anasimama juu ya mkokoteni na kupaza sauti "nakutogilwe!" mpaka kijiji cha pili kisikie. Bibi angejifunika kanga usoni. Lakini jioni ile ugali ungepikwa kwa nyimbo.

Wazee wetu na wazee wa Japani walikuwa na vitendo bila neno, na wapenzi wao walijifunza kuvisoma. Kizazi cha status kina neno bila kikomo, limekuwa bei rahisi kuliko bando la saa moja. Kati ya hao wawili, anayeumia ni yule anayepokea neno zito ambalo nyuma yake hakuna kitu, au anayelazimishwa kulijibu kabla hajawa tayari. Waswahili husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kikohozi hakihitaji tafsiri, na pia hakimlazimishi mtu akohoe na wewe.

Kwa hiyo mtu wangu, kama wiki hii umeandika "aishiteru" kwenye status ya mtu, poa. Ila mwambie pia kwa neno dogo analolielewa, muulize, halafu nyamaza usikie anasemaje. Na ukipata nafasi ya kwenda nyumbani, muulize bibi alijuaje kama babu anampenda.

Kwa kilugha cha kwenu "nakupenda" linasemwaje, na umewahi kusikia mzee akilisema? Dondosha hapo chini.